Kushoto Mlima, Kulia Bahari

Mtaani kwetu Kasongo tulimwita Mwalimu, basi, kana kwamba walimu wengine wote wa mji ule walikuwa wanatania. Alifundisha jiografia kwenye shule ya misheni tangu sijaanza kuvaa viatu mpaka macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Alizaliwa wapi na nani, waulizeni wengine. Mimi nilikuwa jirani yake, uzio wa matete tu katikati yetu, na matete hayazuii kitu. Nilimsikia akikohoa, nilimsikia akimfokea jogoo, na kila Jumapili baada ya misa nilimsikia akisafiri.

Darasani hakuwa na fimbo. Watu walimsifia sana kwa hilo, hasa wazazi ambao hawakuwahi kukaa mbele yake. Alikuwa na ramani ya dunia iliyoliwa na mende pembeni. Anaitundika, anakuita mbele, anakwambia uweke kidole kwenye nchi fulani. Ukikosea kidogo tu, kidole kikaangukia kwenye maji, anasema kwa upole kabisa: "Umezama. Kaa." Aliyezama hakuulizwa swali tena mpaka muhula uishe. Anyooshe mkono, aite, alie, Mwalimu anatazama kupitia kwake kama mtu anayetazama nje dirishani. Mimi nilizama kwa ajili ya Zanzibar, nikakaa chini ya maji mpaka likizo.

Na muhula huo huo nikashikwa na malaria. Mwalimu alikuja nyumbani kunitazama, kama alivyowaendea wanafunzi wake wote walipougua. Alileta ndizi mbivu, akaziweka kando ya kichwa changu. Halafu akamwuliza mama yangu hali yangu, kwa sauti ya huruma ya kweli, kana kwamba mimi sikuwamo chumbani. Mpaka leo sijui nimweke upande gani mtu wa namna ile. Zile ndizi nilizila zote.

Alikuwa na huruma ya ajabu kwa kuku. Siku ya kuchinja alitoka nyumbani, akaenda kukaa kanisani mpaka aambiwe manyoya yamekwisha kufagiwa. Hakunywa pombe, hakukopa, hakumpiga mkewe. Mkewe, Mama Feza, alikuwa mwanamke wa mashamba, mikono yake imejaa alama za panga na jembe, na nadhani siku nyingine angechagua kupigwa, mambo yaishe.

Jambo jingine: aliogopa maji. Mto Lualaba hauko mbali na sisi, lakini yeye hakuwahi kupanda mtumbwi. Walipomwalika harusini ng'ambo, alituma salamu na jogoo. Sasa mtu huyo huyo ndiye aliyepanga, miaka na miaka, kuichukua familia yake yote kwenda kukizunguka kisiwa kilicho katikati ya bahari.

Kisiwa chenyewe ni Ngazija, huko Komoro. Mfanyabiashara mmoja alimpa kalenda ya zamani yenye picha, na katika mwezi mmoja kulikuwa na mlima wa moto, na chini yake mawe meusi yaliyokuwa yametiririka kama uji mpaka baharini. Mwalimu aliikata picha ile, akaibandika juu ya kitanda. Kisha akakichora kisiwa chote kwa makaa kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, na barabara inayokizunguka ukingoni, na kila msimu wa mvua ulipoufuta mchoro, aliuchora upya. Alichora ziwa la chumvi lililo ndani ya shimo la volkano ya kale, karibu kabisa na bahari. Alichora mahali ambapo mtu anasimamisha gari kutazama mawe meusi na mchanga mweupe pamoja. Alisema huko watu wanasema lugha iliyo ndugu na yetu, kwa hiyo hatutapotea.

"Hatutapotea," alisema, na sisi majirani tukacheka nyuma ya matete.

Safari yenyewe ilianzia Kasongo, ikapita Kabambare, ikateremka ziwani, ikavuka, ikachukua treni mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo meli. Kila mfanyabiashara aliyetoka mashariki alisimamishwa njiani. Daraja lile bado limesimama? Meli inaondoka siku gani? Mtoto analipa kama mtu mzima? Wachimba dhahabu waliokuja na mizigo yao mgongoni, wamechoka, wananuka tope, walilazimika kumjibu kwanza ndipo wapite. Walimjibu uongo mwingi, na yeye akauweka wote kichwani.

Lakini mambo yote yalikuwa kwenye viti. Jumapili baada ya misa, kabla ya chakula, vilitolewa viti vitano uani. Viwili mbele, vitatu nyuma. Hiyo ndiyo gari. Mwalimu alikaa mbele kushoto, mikono juu ya usukani usiokuwepo, akakohoa mara moja kuwasha injini. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba kisiwa kitazungukwa kuanzia kusini, ili mlima uwe kushoto siku nzima na bahari kulia. "Kushoto mlima, kulia bahari," alitangaza, na gari ikaondoka. Halafu akasimulia. Na lazima niseme ukweli, alisimulia vizuri. Niliacha kupeta mchele wangu nikasikiliza. Uliona moshi wa mlima, ulisikia harufu ya chumvi, wewe ambaye hujawahi kuona maji makubwa kuliko mto.

Kiti bora kilikuwa mbele kulia, upande wa bahari. Hicho kilikuwa cha Feza, binti yake mkubwa, rafiki yangu wa darasa. Feza hakuwahi kuzama. Alijua kila kona ya kisiwa, na baba yake aliposahau mahali alimkumbusha kwa sauti ndogo, na Mwalimu akatabasamu mbele, barabarani, asimtazame. Ndivyo alivyompenda. Nyuma walikaa wavulana wawili, wakigombania kile cha upande wa bahari, na Mama Feza. Yeye kiti chake kilikuwa nyuma kushoto, siku zote, nyuma ya mgongo wa mumewe. Aliuona mlima, akaona na kisogo.

Siku moja nilimsikia akiomba.

"Baba Feza, leo nikae ile pande ingine. Na mie nione maji."

"Utaogopa mawimbi."

"Mawimbi gani? Tuko kwa lupango, hapa kwetu uani!"

Mwalimu akazima injini. Alishuka kwenye gari, akaingia ndani, akafunga mlango, na siku hiyo hakuna aliyekwenda popote. Chakula kilipoa. Watoto walimkasirikia mama yao kwa wiki nzima, nami niliona jinsi alivyojifunza kutoomba.

Aliyekosa hakupanda. Hiyo ndiyo ilikuwa fimbo ya Mwalimu. Umevunja sahani, umejibu vibaya, umechelewa kutoka shambani, Jumapili kiti chako kinabaki wazi, na wewe unasimama karibu na mlango wa jikoni kuwasindikiza wenzako. Unapunga mkono. Hukuruhusiwa kulia, kwa kuwa Mwalimu alisema machozi ya anayebaki yanaharibu njia ya anayekwenda. Na hukuruhusiwa kuushusha mkono mpaka yeye aseme gari imepita kona, haionekani tena. Siku nyingine kona ilikuwa karibu. Siku nyingine, kama kosa lilikuwa kubwa, barabara ilinyooka tu, ikanyooka, wanakwenda na wanakwenda, na mtoto bado anapunga, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto usianguke.

Mimi na majirani wengine tulitazama. Tulikuja wote, wakubwa kwa watoto. Sitasema tulisikitika, maana hatukusikitika. Ilikuwa Jumapili, na hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

Feza alipata mimba ya mchimba dhahabu. Kijana mwenyewe alikuwa wa mbali, wa upande wa Kivu, mpole, mwenye meno mazuri, na alikuja na jamaa zake wawili wakubwa kujitambulisha kama inavyotakiwa. Mwalimu aliwapa viti, akawapa maji, akawasikiliza mpaka mwisho. Halafu akawauliza kama wanaweza kumwonyesha Ngazija kwenye ramani. Hawakuweza. Akasimama, akawaaga.

Jumapili iliyofuata, viti vilipotolewa, nilikuwa pale pale kwenye matete. Feza alitoka amevaa kikwembe, kitenge chake cha misa, tumbo limeanza kuonekana. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake cha mbele.

"Hapana," akasema Mwalimu. "Ile iko na mutu."

Akaenda nyuma ya jiko, akarudi anavuta mbuzi. Mbuzi jike, mweupe. Akamfunga kwa kamba fupi kwenye kiti cha Feza, upande wa bahari, na mbuzi akapanda juu ya kiti mwenyewe, miguu yote minne, kama wanavyopenda kupanda kitu. Tulicheka mpaka matete yakatikisika.

"Baba, nilikosa, nakubali," alisema Feza. "Lakini huyu ni mbuzi."

"Mbuzi haiko na tumbo ya haya," akajibu Mwalimu. "Weye bakia. Fanya mukono."

Na Feza alifanya. Alisimama kwenye mlango wa jikoni akapunga mkono. Gari ilikwenda, mlima kushoto, bahari kulia, mbuzi akatafuna kamba, na Mwalimu alisimulia siku ile kwa kirefu kuliko siku zote, hakuacha kijiji hata kimoja. Kona haikufika. Mama Feza nyuma alikuwa ameinamisha uso. Sauti ya mumewe ilipokwisha, Feza alikuwa bado amesimama, jua limemwendea kichwani, na hakuna aliyesema gari imepita. Walikwenda kula.

Mwezi ule Feza alikwenda kuishi na mchimba dhahabu wake Kabambare. Na Mwalimu akabadilisha njia ya safari. Badala ya kupita Kabambare, sasa itapita Kongolo, mzunguko mkubwa, siku nyingi zaidi, njia mbaya zaidi. Aliwaeleza wafanyabiashara kwamba Kabambare hakuna kitu cha kuona.

Mimi nauza vikwembe. Navichukua Kasongo, navipeleka kwa pikipiki Wamaza na Kabambare, narudi na mchele na karanga. Kwa hiyo kila safari nililala kwa Feza, na kila safari, kabla hata ya kunipa maji ya kuoga, aliuliza.

"Zaina, Baba anasema nini juu ya kiti yangu?"

"Bado mbuzi."

Mwanzoni alisikitika. Baadaye ikawa kama salamu yetu. Alizaa mvulana, akazaa msichana, akazaa mvulana tena, mume wake akawa mtu wa shimo hili na shimo lile, siku nyingi hayupo. Feza alilima, akauza, akajenga nyumba ya matofali yenye mabati. Hakuhitaji kitu kwa baba yake. Lakini aliuliza. Mwanamke mzima mwenye nyumba yake, anauliza habari za kiti. Nilimwambia aache upumbavu. Alisema, "Nitaacha siku atasema Feza, panda." Kwenye uzio wa Mwalimu nilifikisha ombi lake mara nyingi, nikamwambia ana wajukuu watatu wasiomjua. Alinitazama kupitia kwangu. Nilikuwa nimezama tena, mimi mwenye watoto wangu.

Mbuzi yule alizeeka, akafuata mwingine, na mwingine tena. Watatu walipokezana kile kiti.

Mama Feza alikufa msimu wa mvua, kwa homa, akiwa bado hajaona bahari hata ile ya viti. Feza alikuja msibani na watoto, wametapakaa tope mpaka nywele. Alipoingia uani alikwenda kwenye mkeka wa wanawake, akaanguka pale. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake. Watu wote walimgeukia wamsikie atasema nini.

"Mugeni wa Kabambare apewe maji," akasema.

Neno moja hilo. Alichinjwa mbuzi kulisha watu wa kilio, mbuzi yule yule wa mbele kulia, na nyama ikagawanywa. Feza aliletewa sahani. Alikula yote, polepole, akanyonya mpaka mfupa. Halafu akaniinamia sikioni.

"Nimekula mwenye kiti yangu," aliniambia, akacheka kicheko ambacho sikutaka kukisikia tena.

Baada ya hapo hakuuliza. Nilifika kwake, nikaoga, nikala, nikalala, hakuna swali. Nilidhani amepona.

Uzee ulimkuta Mwalimu peke yake. Mvulana mmoja alikwenda Kindu, mwingine machimboni, na wote wawili walikuwa na simu ambazo kila alipoomba apigiwe hazikupatikana. Macho yakaingia ukungu kabisa. Aliona mwanga na kivuli, basi. Jumapili alitoa viti mwenyewe kwa kupapasa, akavipanga vibaya, bahari ikaangukia upande wa jiko, akasimulia peke yake. Majirani walikuwa wamechoka kucheka, watoto wao ndio waliobaki, wanamrushia maganda ya ndizi na kumwambia ni ndege wa baharini. Aliwashukuru. Kisha mvua iliangusha ukuta wa nyuma, ule wenye kisiwa, na nusu ya paa ikaufuata.

Nilimpigia Feza. Nilitegemea aseme hapana, na ningemwelewa.

"Mulete," alisema. "Mulete, Zaina. Iko nafasi."

Nilimweleza Mwalimu kwamba bintiye anamwita. Aliipapasa fimbo yake ya kutembelea mpaka akaipata. Kisha akauliza, "Tutapita Wamaza?" Kana kwamba ile njia ya Kongolo haikuwahi kuwepo.

Nilikodi pikipiki mbili. Yeye tulimfunga kwa kikwembe kwenye mgongo wa dereva asianguke, mimi nikafuata nyuma. Ilikuwa njia tunayoijua wote, tope, mashimo, michikichi, mihogo, vilima, miti ya kuvukia vijito inayooza. Kila tulipopumzika alimwuliza dereva kushoto kuna nini. Kilima, alijibu dereva. Na kulia? Mihogo. "Vizuri," akasema Mwalimu. Alikuwa na furaha. Nilimwona akitabasamu na uso wake umefunikwa tope, na nikawaza, kwa mara ya kwanza mtu huyu anasafiri kweli.

Feza alimpokea vizuri, hakuna wa kumlaumu. Alimwogesha kwa maji ya moto, akamkata kucha za miguu, akampikia wali na kuku na sombe, majani ya mihogo yenye mawese mengi. Kuku alichinjwa kwa jirani ili baba asimsikie, maana alikumbuka. Alimpa chumba chenye mlango. Wajukuu walimsalimu kwa mikono miwili. Mwalimu alisema chakula ni kizuri. Alisema nyumba haina baridi. Jina la Feza hakulitaja, lakini mkono wake, alipopewa kikombe, ulibaki kidogo juu ya mkono wa binti yake. Mimi niliona, na Feza aliona.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nafunga vikwembe vyangu barazani niondoke, nikasikia viti vinatolewa. Viti vya plastiki, vitano. Viwili mbele, vitatu nyuma. Mwalimu naye alisikia. Alisimama ndani, akatoka akipapasa ukuta kwa fimbo yake, amevaa koti, uso umefunguka kama wa mtoto.

"Feza," akasema.

Ndilo jina. Miaka yote ile, na shahidi ni mimi, hakulitamka mpaka siku ile. Alinyoosha fimbo mbele akaanza kutafuta. Kwenye kiti cha kwanza, mbele kushoto, iligonga goti la Feza mwenyewe. Cha nyuma kushoto, mtoto. Cha katikati, mtoto. Cha nyuma kulia, mtoto. Akazunguka, akafika mbele kulia, upande wa bahari, na fimbo yake ikapita juu ya kiti isiguse mtu. Iligusa kitambaa. Kilikuwa kikwembe kilichokunjwa vizuri, kile cha manjano ambacho mkewe alivaa kwenda misa.

"Hapa hakuna mutu," alisema Mwalimu, akaanza kugeuka ili akae.

"Iko na mutu, Baba. Ni ya Mama. Leo anaona maji."

Alibaki ameinama nusu, matako karibu na kiti, mkono juu ya fimbo.

"Gari imejaa," alisema Feza, kwa upole kabisa, ule upole ninaoujua tangu darasani. "Weye bakia. Fanya mukono."

Nilifurahi. Sitajificha nyuma ya maneno mazuri, nilifurahi mpaka vidole vikaniuma kwenye kamba ya mzigo. Nilitaka abishe ili akataliwe tena. Hakubisha. Alijinyoosha, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mlango wa jikoni, kana kwamba aliijua nyumba ile kwa miaka. Akainua mkono wa kulia, akapunga. Hakulia, sheria aliijua.

"Kushoto mlima, kulia bahari," alisema Feza, akakohoa mara moja.

Alisimulia vizuri kama baba yake. Alipita mawe meusi, akapita mchanga mweupe, akafika mashariki, akasimamisha gari kwa ajili ya mama yake. Halafu, katikati ya sentensi, akanyamaza. Aliwagusa watoto mabegani, mmoja mmoja, kidole mdomoni. Waliondoka kwa kunyata, wakatoka nje ya lupango kwenda kucheza. Feza alikikumbatia kikwembe cha mama yake, akaingia ndani. Hakusema kona.

Viti vitano vikabaki uani na jua juu yake. Mwalimu alikuwa anapunga. Mkono ulianza kushuka, akaushika kwa mkono mwingine. Dereva wangu aliwasha pikipiki nje, nami nikajitwisha mzigo nikapita mbele yake, na kivuli changu kikampita usoni.

"Zaina," akaita. "Ni weye?"

"Ni mie, Mwalimu."

"Wamefika wapi?"

Nilitazama viti. Nilimtazama yeye. Neno moja tu lilitosha, na lilikuwa langu kulisema.

"Wanaonekana bado, Mwalimu," nikasema. "Bado wanaonekana."

"Aksanti," alijibu, akaunyoosha mkono juu zaidi.